Mwendo wa wanawake Kilifi huamuliwa na maji na nauli, si kabila

NI kawaida katika Kaunti ya Kilifi kusikia mwendo wa wanawake ukielezwa kwa kabila. Mgiriama, husemwa, amezaliwa na miguu ya safari. Mswahili wa mjini hatoki ila jua likishakuchwa. Maelezo hayo ni mepesi mno, na yanaficha chanzo cha tofauti yenyewe.

Huko Bamba na Ganze, maeneo makavu ya bara, mwanamke hutembea kwa sababu maji hayako nyumbani. Maji ya mtungi wa lita 20 yana uzito wa kilo 20, nayo hubebwa kichwani au mgongoni. Ukame unapozidi, kama ule wa 2021 na 2022, mabwawa hukauka na safari hurefuka. Akisharudi, zamu ya kuni inamngoja.

Linalotatiza ni kwamba visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, vimo ndani ya kaunti hiyo hiyo. Maji yake husukumwa hadi Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha, lakini kwa wakazi wengi wa bara haki hiyo ingali inapimwa kwa hatua.

Wapo wanaomtaja Mekatilili wa Menza kuwa ushahidi kwamba Wagiriama ni watu wa mwendo. Ni kweli kwamba mwaka 1913 alizunguka vijijini akiwahimiza watu wake wapinge utawala wa Waingereza, akahamishiwa magharibi mwa Kenya na kutoroka 1914. Husimuliwa kwamba alirejea kwa miguu. Lakini hiyo ilikuwa siasa, wala haikuwa desturi ya kila siku.

Mjini nako kuna historia yake. Katika miji ya Waswahili ya karne ya 19, mwanamke wa kiungwana hakutarajiwa kuonekana njiani mchana. Mjakazi ndiye aliyekwenda kisimani na sokoni. Utumwa ulipopigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mpaka huo ulianza kulegea, na buibui likaenea hata kwa waliokuwa watumwa. Kukaa ndani, basi, hakukuwa tabia ya Waswahili wote. Kulikuwa alama ya cheo, na cheo hicho kilisimama juu ya miguu ya mwanamke mwingine.

Hata lugha inadokeza hayo. Mkazi wa Shela, Malindi, akisema anakwenda kutembea, huenda anamzuru jamaa nyumba ya tatu tu.

Tangu serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zimeenea kila pembe, na nauli imekuwa mwamuzi mpya. Muuza mboga wa Kigiriama, Kikamba au Kiluo ana hesabu moja: nauli ikimeza faida, atakwenda kwa miguu.

Kwa sababu hiyo, ushauri wa afya unaotolewa kwa wote sawasawa haumfai kila mtu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Mwanamke wa Bamba anahitaji kupunguziwa mzigo, si kuhimizwa kutembea. Yule wa Shela anahitaji taa za barabarani na njia isiyo na pikipiki za kumpapatua.

Tangu 2013, huduma za maji zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Umbali wa mama wa Ganze hadi kwenye maji sasa unategemea bajeti inayopitishwa na bunge la kaunti, ambalo makao yake yako Malindi, mji unaopata maji ya Baricho.