Setelite inaona paa, haioni watu



Kila mara maji inatuulia watu, kisha siku chache tunaonyeshwa ramani yenye rangi ya bluu na nyekundu: picha za setelite. Wakubwa wanaishika mbele ya kamera na kusema wanafuatilia hali. Sisi tunauliza: mnamfuatilia nani?

Hatupingi ile teknolojia. Setelite ya Ulaya, Sentinel-1, inatumia rada. Inaona chini hata usiku, hata mawingu yakifunika ziwa, na picha zake ni za bure. Kwa Ziwa Tanganyika inafaa kabisa, juu maji ya 2024 haikuja kama mwizi. Ilipanda pole pole, miezi, mpaka ikaingia katika nyumba za Uvira na Kalemie. Nani alienda kumwambia mama wa Kalundu ahamishe vitu vyake mapema?

Bushushu na Nyamukubi ni mambo mengine. Tarehe 4 Mei 2023, Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Mito ilishuka na mawe na udongo, zaidi ya watu 400 wakafa. Setelite haisimami juu ya Kalehe kungoja mvua. Inapita, inaenda, inarudi kisha siku nyingi. Pale panahitajika kipimo cha mvua kule juu mlimani, mtu wa kukisoma, na simu yenye iko na unite. Semina moja tu ya Kinshasa ingelipa hayo yote!

Na ile hesabu ya watu walioguswa? Setelite inahesabu paa. Halafu mtu anazidisha na idadi ya kukadiria, kwa sababu nchi yetu haijahesabu watu wake tangu 1984. Njo maana mpangaji wa chumba, ao mkimbizi wa vita mwenye alikuwa analala kwa ndugu yake, hawaonekani kwenye liste ya msaada. Shefu wa avenyu anawajua wote. Haulizwi.

Tunadai ramani zibandikwe kwenye ofisi ya kila kijiji na kila kata, kwa Kiswahili. Liste ya shefu wa avenyu ilinganishwe nazo na isomwe mbele ya watu wote. Na wenye kazi ya kulinda raia waseme hadharani: ramani ya mwisho waliipokea siku gani, na siku ile walifanya nini?