Mashine ya Kukerezea Nayo Husubiwa

Wasemao mashine ya kukerezea chuma haina budi kutoka ng'ambo, mimi siwaafiki. Mmarekani David Gingery (1932–2004) alionyesha katika vitabu saba, vilivyoanza kutoka miaka ya 1980, jinsi ya kuiunda nyumbani kwa alumini chakavu. Tanuri lake ni ndoo iliyokandikwa udongo usiopasuka kwa moto, nalo huwashwa kwa makaa. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 tu, kisha humiminwa katika kalibu ya mchanga. (Mchanga usilowe mno, mvuke humrushia mtu alumini usoni!)

Alumini ni laini, mtasema. Kweli, na ndiyo sababu pale kibebeo kinapotelezea hufungwa pao za feleji, zikaparuzwa kwa mkono hadi zilingane. Kazi ya subira hiyo. Lakini utamu uko hapa: mashine ikiwa bado nusu, hutumiwa kukereza sehemu zake zilizobaki.

Mafundi wetu wa jua kali husubu sufuria kwa mchanga uo huo. Basi nauliza, vyuo vyetu vya ufundi vyangoja nini? Mwanafunzi aliyeisubu mashine yake hatashindwa kuitengeneza ikiharibika. Waalimu na waanze na ndoo na udongo muhula ujao.