Kitabu Gani Umpe Jirani Yako?

Sasa unajua kusoma. Unasoma jina lako katika kadi ya zahanati. Unasoma kibao cha basi. Unasoma ujumbe wa mwanao katika simu bila kumwita mtoto wa jirani akusomee. Hongera sana. Hakuna mtu awezaye kukunyang'anya elimu hiyo.

Lakini wewe mwenyewe unaweza kuipoteza. Kusoma ni kama jembe. Jembe linalolima hung'aa. Jembe linalowekwa darini huliwa na kutu. Leo nataka kukueleza habari za mtu mmoja aliyepoteza kusoma kwake. Nataka pia kukueleza jinsi mimi, mwalimu wake, nilivyochangia hasara hiyo.

Kosa langu

Mzee huyo ni jirani yangu. Alianza kisomo akiwa na umri wa miaka zaidi ya hamsini. Alikuwa na bidii. Mvua ikinyesha, yeye alikuja darasani amejifunika mfuko wa nailoni kichwani. Alipofaulu mtihani wa mwisho, alikuja nyumbani kwangu jioni. Akasema, "Mwalimu, nipe kitabu nisome."

Nilikuwa na kitabu kimoja kinene. Mimi mwenyewe sikuwa nimekimaliza. Kilikuwa na maneno mengi magumu. Lakini nilitaka mzee aone kwamba mwalimu wake ni msomi. Nikampa.

Baada ya siku chache alikirudisha. Alikuwa amekifunga vizuri katika kitambaa safi. Akasema, "Ahsante, Mwalimu. Macho yangu yamechoka." Nami nilikubali kwamba macho yake yamechoka. Sikumuuliza neno. Sikumpa kitabu kingine.

Ikapita miaka kadhaa. Mzee akauza sehemu ya shamba lake. Mnunuzi akaleta karatasi. Mzee hakuisoma, maana alikuwa hajasoma kitu kwa muda mrefu. Aliona haya kuonekana anahangaika na herufi mbele ya watu. Akaweka dole gumba. Yeye alidhani mpaka ni njia ya miguu. Karatasi ilisema mpaka ni mfereji ulio mbele ya njia hiyo. Kati ya njia na mfereji kulikuwa na migomba yake yote.

Ndugu msomaji, mtu huyu alikuwa amefaulu kisomo. Cheti chake kilikuwa ukutani siku ile alipoweka dole gumba. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mzee alikuwa na daftari, lakini alikuwa ameacha kulifungua.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: kumpa mtu kitabu si jambo dogo. Kitabu kisichomfaa humfanya ajione mjinga. Haoni kwamba kitabu ndicho kisichofaa. Huona kwamba yeye ndiye asiyefaa.

Kitabu kinachokutuma kazini

Je, kitabu kizuri ni kipi? Kwanza, kipo kitabu kinachokufanya uinuke ukafanye kazi.

Mwaka 1973 ilifanyika kampeni kubwa nchini Tanzania. Iliitwa Mtu ni Afya. Watu karibu milioni mbili walikutana katika vikundi. Walisoma kitabu na kusikiliza redio pamoja. Anayejua kusoma alisoma kwa sauti, na asiyejua alisikiliza. Walisoma habari za malaria, kichocho, safura na kuhara damu. Kisha walijadiliana. Hapa kwetu mbu wanazaliana wapi? Nani hana choo? Baada ya majadiliano walishika majembe. Walichimba vyoo, walifyeka majani na kufukia madimbwi. Mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine, Chakula ni Uhai.

Kitabu peke yake hakikuchimba hata choo kimoja. Watu walichimba. Lakini kitabu kiliwapa jambo moja la kuzungumza, wote kwa pamoja, katika wiki moja. Hiyo ndiyo kazi yake.

Kitabu chenye mtu kama wewe

Wako watu wanaosema kwamba mtu mzima asome habari za kilimo na afya tu. Hadithi na maisha ya watu, wanasema, ni mambo ya watoto. Mimi sikubali. Mtu hali chakula kwa sababu ya nguvu za kulima tu. Hula pia kwa sababu chakula ni kitamu, na kwa sababu anakula na wenzake.

Shaaban Robert, mwandishi wetu mkubwa aliyefariki mwaka 1962, aliandika maisha ya Siti binti Saad. Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba huko Unguja. Wazazi wake walikuwa maskini. Alifinyanga vyungu na kwenda kuviuza mjini. Hakupata shule. Lakini alikuwa na sauti nzuri, na aliimba taarabu kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, India, na nyimbo zake zikatiwa katika sahani za santuri.

Niliwasomea wanafunzi wangu habari hizo. Mama mmoja darasani ni mfinyanzi. Aliniomba nirudie mahali panaposema juu ya vyungu. Nikarudia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe na mtu wa vyungu huandikwa kitabuni!"

Tangu siku ile mama huyo hakukosa darasa. Hakujifunza ufinyanzi katika kitabu kile, maana ufinyanzi anaujua kuliko mwandishi. Alijifunza kwamba maisha yake yana thamani ya kuandikwa. Nani atasema hayo si manufaa?

Kitabu unachoweza kubishana nacho

Tatu, kipo kitabu kinachokufanya ubishane. Wengi wetu tunadhani kwamba neno likichapwa limekuwa amri. Si kweli. Kitabu kimeandikwa na mtu, na mtu huweza kukosea. Huweza pia kusema jambo lililofaa zamani na lisilofaa leo.

Mwana Kupona alikuwa mwanamke wa Pate, katika pwani ya kaskazini ya Kenya. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alitunga utenzi wa kumuusia binti yake. Alimfundisha dini, adabu, na jinsi ya kuishi na mume. Utenzi huo unasomwa mpaka leo.

Tulipozungumza juu yake darasani, kelele zilikuwa nyingi. Wanaume walisema, "Mmesikia? Mke amtii mume!" Wanawake walisema, "Na mume je, ameusiwa nini?" Mwishoni mama mmoja alisimama. Akasema, "Bibi huyu alisema yaliyofaa wakati wake. Lakini angalieni jambo moja. Yeye mwenyewe alijua kutunga na kuandika. Mimi nitaanza kumfuata katika hilo."

Tulicheka sote, hata wanaume. Lakini wote tulijua kwamba amesema kweli. Mtu anayejua kubishana na utenzi atajua pia kuuliza juu ya karatasi ya mnunuzi wa shamba.

Mambo ya kukumbuka

Basi ndugu msomaji, unapotaka kumpa mwenzako kitabu, kumbuka haya.

Usimpe kitabu ambacho wewe mwenyewe hujakisoma. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu.

Mfikirie yeye, usijifikirie wewe. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mvuvi ana maswali yake, mkunga ana yake, na kijana anayetaka kuoa ana yake.

Anza na kitabu chembamba. Mtu akimaliza kitabu kimoja chembamba, atapata hamu ya cha pili. Akishindwa na kinene, huenda asishike kingine tena.

Mwambie kwa nini unampa. Usiseme tu, "Ni kizuri." Sema, "Nilipofika mahali fulani nilikukumbuka wewe."

Tena mpe ruhusa ya kukirudisha kabla hajakimaliza, bila kuona haya. Akisema macho yamechoka, muulize vizuri. Huenda si macho.

Mwaka jana nilimwendea yule mzee. Nilimwomba radhi, kisha nikampa kijitabu cha ufugaji wa kuku wa kienyeji, kwa sababu kuku wake walikuwa wakifa kwa mdondo. Nilikuwa nimekisoma chote. Tulikaa chini ya mwembe, tukasoma ukurasa wa chanjo pamoja. Tone moja katika jicho la kuku, kila baada ya miezi mitatu. Alisoma polepole, kidole chake kikiwa chini ya kila neno. Alipokwama, nilingoja.

Shamba lake halikurudi. Migomba ile sasa inavunwa na mtu mwingine, na kila nipitapo pale naumia. Lakini juma lililofuata mzee alikuja kwangu na kile kijitabu. Safari hii hakukifunga katika kitambaa. Kilikuwa na alama za vidole na unyoya mmoja katikati. Akauliza, "Mwalimu, una kingine?"

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mzee aliweka dole gumba, ingawa alikuwa amefaulu kisomo?
2. Je, unakubali kwamba hadithi ni za watoto tu? Toa sababu.
3. Taja jambo moja ulilowahi kusoma ukalikataa. Kwa nini ulilikataa?
4. Mfikirie jirani mmoja. Ungempa asome nini, na ungemwambia nini wakati wa kumpa?