Barafu haina lebo

Katika duka moja la Marui, Kisarawe, niliomba paketi ya juisi ya unga, ile ya rangi ya chungwa. Muuzaji akaniongezea ushauri wa bure: "Usitie sukari, dada, hiyo inajitosheleza." Nikaigeuza. Nyuma kuna maandishi madogo kama sisimizi, na katikati yake namba: 951, 952, 954, 102.

951 ni aspatemu, 952 saiklameti, 954 sakarini. Zote ni tamu kuliko sukari, mara makumi au zaidi. Sakarini ni mara mamia. Zogo kubwa liliihusu 951. Julai 2023 taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO iliiweka katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikaleta saratani, na mitandao ikawaka moto. Waliosoma hadi mwisho ni wachache: siku hiyohiyo kamati ya wataalamu ya WHO na FAO iliacha kiwango kilekile, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mtu wa kilo 70 angelazimika kunywa makopo 9 hadi 14 ya soda isiyo na sukari ndipo akivuke. Hofu hiyo, kwa mtu mzima, hainikoseshi usingizi.

Wanaonihangaisha ni wale ambao chakula huwakataa. Mwenye fenilketonuria, maradhi adimu ya kuzaliwa, hapaswi kabisa kuigusa aspatemu. Sobitoli na zailitoli za kwenye bigijii zisizo na sukari hazisharabiwi vizuri; hufika utumbo mpana, bakteria wakazichachusha, tumbo likaunguruma na mtu akaharisha. Vipele ndivyo vyenye utata. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliwapa watu walioapa kwamba aspatemu inawawasha aspatemu yenyewe, na wakati mwingine kidonge kisicho na kitu, bila kuwaambia kipi ni kipi. Aspatemu haikuwatoa vipele kuliko kile kidonge kitupu.

Je, walikuwa waongo? Hata kidogo. Itazame tena paketi yangu: 102 ni tatrazini, rangi ya njano inayojulikana kuwasumbua baadhi ya watu. Mgonjwa anaweza kuwa sahihi kuhusu paketi, akakosea namba.

Kuijua namba kunahitaji paketi yenyewe, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mama anayeuza barafu za juisi huikata paketi, huumimina unga ndooni, huitupa paketi jalalani, kisha hufunga juisi katika vimfuko na kuviweka kwenye friza. Simlaumu kwa kuikwepa sukari. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uzalishaji viwandani, kilo ya sukari ilivuka shilingi 4,000. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lakini nembo yake huishia kwenye paketi. Na kwa kipimo cha kamati ileile ya WHO na FAO, mtoto wa kilo 15 kikomo chake cha sakarini ni miligramu 75 kwa siku. Nani anamhesabia vimfuko?

Kupiga marufuku sikubaliani nako. Ningetaka paketi tupu ibandikwe kwenye mlango wa friza, basi. Mtoto akivimba midomo, muuguzi wa zahanati awe na pa kuanzia.

Nyumba ya pili kutoka dukani nilinunua barafu nyekundu. Nikauliza imetengenezwa kwa paketi gani.

"Ya stroberi," akanijibu, akinirudishia chenji.