Moyo juu ya dawati, bila bando

Wasomaji, leo nina neno na wenzangu waandishi wa programu.

Uhalisia ulioongezwa ni hivi: unaelekeza kamera ya simu kwenye dawati, na kwenye kioo unaona moyo wa binadamu umekaa pale, unadunda. Ukizunguka, unauona na mgongo wake. Kwa mwalimu wa sayansi wa Gredi ya 7 hapa Chekalini, asiye na maabara, huo si mchezo.

Shida ni kwamba tunakimbilia ARCore ya Google, ambayo hukubali tu simu zilizo kwenye orodha yake. Simu nyingi za bei rahisi hazimo. Halafu kuna Google Expeditions, iliyomwezesha mwalimu kuliongoza darasa zima hadi chini ya bahari kwa simu. Ilizimwa 2021. Mwalimu aliyeizoea afanye nini?

Mimi nasema turudi kwenye karatasi. AR.js, maktaba huria iliyoanza 2017, hufanya kazi ndani ya kivinjari. Kamera husoma alama ya mraba mweusi, hesabu zote zikafanyika kwenye simu yenyewe. Alama unaitoa fotokopi. Ukiuandika ukurasa ujihifadhi kwenye simu, siku ya somo hauli bando hata kidogo. Simu ya mwalimu moja yatosha, ipitishwe kikundi kwa kikundi.

Kasoro ipo: kidole kikifunika kona ya mraba, moyo unatoweka. Na wanafunzi watakifunika, tena makusudi!