Deni Liandikwe kwa Lugha Gani?

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, nasi tukashukuru. Lakini hapa kwetu Bombambili mzee jirani alituletea mkataba wa mkopo ulioandikwa Kiingereza, naye amekwisha utia dole gumba. Mjukuu wake akauelekezea simu, ikaufasiri: kumbe nyumba imewekwa rehani! Simu yajua, mwenye nyumba hajui.

Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, Al-Baqara 282, yahusu kuandikiana deni, nayo yaagiza mdaiwa mwenyewe ndiye aandikishe. Ataandikishaje kwa lugha asiyoijua? Enyi vijana, wasomeeni wazee wenu kwanza, ndipo watie dole.