Shoka Kwanza, Injini Baadaye

NJIA ZETU
Na Assumani Feruzi

Kiangazi kikiisha na mvua za Septemba zikianza kupiga, miti ya kando ya njia nayo huanza kulala. Ukitoka Kasongo kwenda Kindu, safari ya zaidi ya kilomita 200, utakutana na msitu na mianzi. Ukielekea Kabambare utapita mbuga na nyasi ndefu, kisha vipande vya msitu mnene kila penye mto. Kwa njia zote hizi msafiri ana swali moja la kujiuliza kabla ya kuwasha gari: nimebeba nini cha kukatia mti?

Nalileta swali hili leo kwa sababu wenye uwezo wanalijibu kwa pesa. Mmoja ameletewa na nduguye wa Ulaya msumeno wa injini, mwingine ana kishoka kidogo cha kambi chenye mpini wa mpira, kizuri mno machoni. Vitu hivi vina kazi yake huko vilikotengenezwa, ambako kambi ni mapumziko na kuni huuzwa langoni. Huku kwetu mtu halali porini kwa kupenda, analazwa na barabara. Mwaka 1983 mashindano ya magari ya Camel Trophy yaliletwa Zaire, Kongo yetu ya leo, watu wakaja na Land Rover zao kutoka mbali kutafuta njia mbovu kwa hiari. Wangetuuliza tungewaonyesha bure.

Kipimo changu ni hiki: kifaa cha kubeba ni kile ambacho kikivunjika, kijiji cha mbele kinaweza kukitengeneza.

Kwa kipimo hicho shoka linakaa mbele ya vyote. Njia hizi zinalijua tangu zamani. Mpelelezi Stanley alipotoka Nyangwe Novemba 1876 pamoja na mfanyabiashara Tippu Tip na kuingia msituni, mashua yake Lady Alice ilibebwa vipande vipande mabegani mwa watu, na wenye mashoka walitangulia kupanua njia ili vipande hivyo vipite. Leo ni lori badala ya mashua, lakini msitu haujabadilisha tabia.

Sasa, shoka gani? Sokoni kuna la kiwandani na kuna la mhunzi. La kiwandani lina tundu. Mpini unapita ndani yake na kukazwa kwa kabari. Jua likikausha mpini, mti unanywea, kichwa kinaanza kucheza, na siku moja kinaruka. La mhunzi limejengwa kinyume: chuma kina mkia mwembamba unaopenya kwenye kichwa kinene cha mpini. Kila ukipiga, mkia unazidi kuzama, kwa hiyo kazi yenyewe ndiyo inayolikaza. Ukitaka kulinoa vizuri unaligonga kutoka nyuma, chuma kinatoka, unakaa nacho kivulini. Mpini ukivunjika katikati ya njia, mti wa kuchonga mwingine uko hapohapo, na mzee yeyote wa Kizimba au wa Kibangubangu atakuonyesha ni upi haupasuki ovyo. Wazee walishasema shoka lisilo mpini halichanji kuni. Basi mwenye shoka la mhunzi hawezi kukosa mpini mpaka msitu uishe.

Ila usinunue kwa macho. Mhunzi aliyefua chuma cha springi ya lori amekupa kitu. Aliyefua nondo ya kujengea nyumba amekuuzia pambo. Chukua tupa, ipitishe kwenye makali. Ikila kwa shida, chuma kigumu hicho. Ikila kirahisi na kutoa unga mwingi, rudisha shoka mezani na uulize bei ya jingine.

Shoka la mhunzi lina upungufu wake. Ni jepesi, makali yake ni membamba, na mvule mkubwa utalichosha. Tena halina kisogo cha kugongea, na hapo la kiwandani linashinda, kwa maana safari zetu hazihitaji kukata tu. Daraja la magogo likiwa limeoza upande mmoja, utakata gogo jipya, utaliviringisha mahali pake, utapigilia vigingi lisihame. Lori likizama, utakata mti wa wenzo na kipande kinene cha kuweka chini ya jeki isididimie kwenye tope. Mti ulioanguka ni sehemu ndogo ya kazi ya kifaa hiki, na anayechagua kwa kuufikiria huo peke yake atajuta kwenye daraja la kwanza. Kwa hiyo lori libebe yote mawili. Uzito wake si kitu kwa gari linalopandisha magunia ya mchele, na juu ya magunia watu wasiohesabika.

Panga halina mjadala, kila mtu analo. Nasema neno moja tu kuhusu mianzi. Mwanzi ulioinama juu ya njia umejikaza; ukiupiga pigo moja la hasira unaweza kuruka na kukupiga usoni. Simama pembeni, ukate kidogokidogo upande wa ndani wa kujikunja kwake, uache unyong'onyee wenyewe. Na panga lisifichwe chini ya kiti. Kwenye vizuizi vya askari, hasa ukielekea Salamabila, panga lililofichwa ni silaha, na maelezo yatakuwa marefu. Lifunge kwenye gunia moja na chepe, shoka na tupa, gunia likae wazi mahali pa kuonekana. Hapo askari anaona vyombo vya barabara.

Misumeno ya mkono nayo iko ya namna nyingi. Ule mrefu wa watu wawili, wa wapasua mbao, unamaliza gogo nene bila kelele wala mafuta, na meno yake yananoleka kwa tupa ya kawaida. Ile ya kukunja inayotoka ng'ambo, kama Laplander ya Bahco, ni mikali ajabu na inaingia mfukoni. Lakini mingi ya namna hiyo meno yake yamechomwa kiwandani yakawa magumu kuliko tupa. Yakiisha, umebaki na kipande cha chuma, maana bapa la kubadilishia halipatikani Kasongo. Ichukuliwe na mwenye pikipiki, ambaye kila kilo inamlemea. Mwandishi Mwingereza Tim Butcher alipita hapa mwaka 2004 kutoka Kalemie, kupitia Kabambare hadi Kasongo, juu ya pikipiki, kwa sababu barabara ya magari ilikuwa imegeuka kijia. Kwa safari ya namna hiyo panga, msumeno wa kukunja na tupa vinatosha. Gogo kubwa utalizunguka au utaivusha pikipiki juu yake kwa mikono ya watu.

Na anayetumia msumeno, wowote ule, asome gogo kwanza. Likiwa limeegemea kingo mbili na katikati linaning'inia, upande wake wa juu umebanwa na wa chini umevutika. Ukianzia juu ukashuka moja kwa moja, litaubana msumeno nusu ya njia na hautatoka. Kata theluthi kutoka juu, kisha malizia kutoka chini. Likiwa limeshikwa upande mmoja tu, fanya kinyume. Kabari mbili za mti mgumu mfukoni zinaokoa asubuhi nzima.

Msumeno wa injini siupingi. Penye mti wa kumpita mtu kimo ukilala, hakuna mshindani wake. Ila una masharti mengi kuliko bwana harusi. Unataka petroli safi iliyochanganywa na oili kwa kipimo, na yetu inafika katika madumu baada ya kupita mikono mingi. Unataka oili ya mnyororo, na tupa ya duara ya saizi yake. Mnyororo ukigusa udongo au jiwe kwa sekunde chache makali yamekwenda, na mti ulioanguka barabarani umejaa udongo. Zaidi ya hayo, tangu Sheria ya Misitu ya Agosti 2002 ukataji wa miti kwa biashara unahitaji kibali, na gari lenye msumeno wa injini litaulizwa maswali hata kama halijagusa mti. Uwe kwa Office des Routes, kwa makampuni, au kwa malori yanayotembea kwa msafara na fundi wake.

Nimalizie na jambo linalowaudhi madereva. Mara nyingi ukifika kwenye mti, vijana wa kijiji wameshaukata nusu na wanasubiri matabishi. Wapo wanaoangusha mti kusudi, na hao ni wezi. Lakini aliyeamka na mvua akafungua njia kwa shoka lake anastahili kulipwa, na kinachosikitisha ni kwamba unamlipa wewe ambaye umeshalipa péage, yaani ushuru wa barabara. Pesa ile inapaswa kwenda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara. Kamati za wenyeji za kutunza barabara, CLER, zipo kwa kazi hiyohiyo, na mara nyingi hazina hata tupa.

Basi wenye malori wa Kasongo, andikeni mashoka mawili, panga, msumeno wa watu wawili, kabari na tupa katika orodha ya gari, pamoja na tairi la akiba, msiwaachie vijana wa juu ya mzigo wajitafutie. Na FONER ipeleke vifaa hivyohivyo kwa kila kamati kati ya Kasongo na Kabambare kabla ya Septemba. Havihitaji petroli, na wa kuvinoa wapo vijijini.